Filamu kwa posta: Netflix, Blockbuster na Walmart walishindania nini, na mteja alibaki na nini?

Tarehe 29 Septemba 2023, bahasha nyekundu za mwisho za Netflix zilitoka depo na kuingia katika magari ya posta ya Marekani. Siku hiyo ilifungwa kazi iliyodumu miaka 25: kukodisha filamu za DVD kwa watu wanaozipokea mlangoni, wanazitazama, kisha wanazirudisha kwa posta bila kulipa tembre. Wateja waliokuwa bado na filamu nyumbani waliambiwa wabaki nazo, hakuna atakayewadai.

Mwaka mmoja baadaye, katika mwezi wa Julai 2024, ilikuwa zamu ya Redbox, kampuni iliyokodisha DVD kwa mashine nyekundu mbele ya maduka. Ilianguka katika madeni na tribinali ikaamuru mali yake iuzwe. Blockbuster ilikuwa imezikwa miaka kumi mbele yake, na Walmart iliiacha biashara hiyo tangu 2005.

Leo wengi wanaisimulia habari hii kwa ufupi: Netflix ilikuwa na akili, Blockbuster ilikuwa mzembe, intaneti ikamaliza mambo. Lakini ukiweka huduma hizo bega kwa bega na kuuliza kila moja ilimpa mteja nini kwa feza yake, hesabu inabadilika. Kuna wakati Blockbuster ilitoa zaidi kuliko Netflix. Na kuna kitu ambacho DVD ya posta iliwapa Wamarekani, ambacho intaneti haijawarudishia mpaka leo.

Kipande chepesi na tembre moja

Netflix iliundwa tarehe 29 Agosti 1997 katika mji mdogo wa Scotts Valley, jimbo la California, na Reed Hastings pamoja na Marc Randolph. Tovuti yake ilifunguliwa tarehe 14 Aprili 1998. Wakati huo filamu za kukodi zilikuwa bado kwenye kaseti kubwa za VHS, ambazo ni nzito na zinavunjika. DVD ilikuwa kitu kipya. Ikitolewa katika kasha lake na kuwekwa katika bahasha ya karatasi, uzito wake haufikii gramu 28, yaani inasafiri kwa bei ya barua ya kawaida.

Jambo hilo dogo ndilo lililozaa biashara nzima. Kampuni haikuhitaji duka katika kila mtaa. Ilihitaji depo, kompyuta na posta ya serikali, ambayo kwa sheria inapaswa kufikia kila nyumba ya inchi hiyo, mjini na kijijini, kwa bei ileile.

Mwanzoni Netflix ilikodisha filamu moja moja, kama duka la kawaida. Haikufaulu. Mwaka wa 1999 ikaleta abonema ya mwezi, na muda mfupi baadaye ikafikia mtindo uliojulikana kote: mteja anaandika orodha ya filamu anazozitaka, anatumiwa tatu za kwanza, na kila anaporudisha moja, ile inayofuata katika orodha inatumwa. Hakuna tarehe ya mwisho wala malipo ya kuchelewesha. Ukitaka kukaa na filamu miezi mitatu, kaa nayo, ila hutapata nyingine.

Hapo ndipo Netflix iliugusa mfupa wa Blockbuster. Duka hilo kubwa, ambalo katika mwaka wa 2004 lilikuwa na matawi karibu 9,000, lilivuna mamia ya mamilioni ya dola kila mwaka kutoka kwa watu waliochelewa kurudisha filamu. Mteja aliyesahau kaseti chini ya kitanda alikuwa mteja wa faida. Netflix ikamwambia mteja huyo kwamba kwake kusahau si kosa.

Mwaka wa 2000 Netflix, ikiwa bado inapata hasara, ilijaribu kujiuza kwa Blockbuster kwa dola milioni 50. Blockbuster, iliyokuwa chini ya John Antioco, ilikataa. Miaka mitatu baadaye, katika Februari 2003, Netflix ilitimiza wateja milioni 1.

Watatu katika uwanja mmoja

Walmart iliingia kwanza. Ilianza kujaribu mwishoni mwa 2002, na katika mwaka wa 2003 ikafungua huduma yake kwa inchi nzima, kwa bei ya chini kidogo kuliko ya Netflix. Blockbuster ilifuata katika Agosti 2004. Kwa dola 19.99 kwa mwezi ilitoa filamu tatu kwa wakati mmoja, na juu yake hati mbili za kwenda kuchukua filamu dukani bure.

Kwa macho ya haraka, huduma zote tatu zilifanana: filamu tatu, bahasha ya kurudisha, orodha kwenye tovuti. Tofauti zilijificha katika mambo ambayo mteja aliyaona baada ya mwezi wa pili.

Ya kwanza ni mwendo. Netflix ilikuwa imejenga depo nyingi karibu na miji mikubwa. Mteja aliyetia bahasha katika sanduku la posta Jumatatu, depo iliipokea Jumanne na kutuma nyingine siku hiyohiyo, na Jumatano filamu mpya ilikuwa mlangoni. Walmart na Blockbuster zilianza na depo chache. Kwa mteja aliye mbali, mzunguko wa siku mbili uligeuka kuwa wa siku nne au tano. Kwa abonema ya mwezi, siku hizo ni feza. Anayengoja zaidi anatazama filamu chache kwa malipo yaleyale.

Ya pili ni kina cha orodha. Filamu mpya za Hollywood zilipatikana kwa wote. Lakini anayetafuta filamu ya zamani ya Japani, au filamu ya hadisi za kweli isiyoonyeshwa katika kumbi kubwa, alizipata zaidi kwa Netflix, au kwa kampuni ndogo kama GreenCine ya San Francisco, iliyojulikana kwa filamu za kigeni na zile ambazo maduka makubwa hayazijali.

Ya tatu ni ushauri. Netflix iliwaomba wateja watoe nyota kwa kila filamu, kisha kompyuta ikapendekeza nyingine. Haikuwa kwa kufurahisha wateja tu. Filamu mpya ilikuwa ya kugombaniwa, na kila mmoja akiitaka kwa juma moja, kampuni ingelazimika kununua maelfu ya nakala ambazo baadaye zingelala depo. Kumwelekeza mteja kwa filamu ya zamani aliyoipenda bila kuijua kulipunguza garama ya kampuni na kumfurahisha mteja pia.

Vita vya bei

Katika Juni 2004 Netflix ilipandisha bei ya abonema ya filamu tatu hadi dola 21.99. Ilikuwa saa mbaya. Miezi miwili baadaye Blockbuster ikafika. Katika Oktoba, uvumi ulipoenea kwamba Amazon nayo inajiandaa, Netflix ikashusha bei hadi 17.99 na kuahirisha mpango wake wa kwenda Uingereza. Blockbuster ikajibu kwa 17.49. Walmart ikashuka hadi 17.36. Kabla mwaka mpya haujakolea, Blockbuster ilikuwa imefika 14.99.

Amazon haikuingia Marekani. Ilifungua huduma ya DVD huko Uingereza katika Desemba 2004, kisha mwaka wa 2008 ikaikabidhi kwa kampuni ya huko iitwayo LoveFilm, na mwaka wa 2011 ikainunua LoveFilm yote. Huduma ya posta ya LoveFilm ilifungwa Oktoba 2017.

Walmart ndiye aliyechoka wa kwanza. Katika Mei 2005 kampuni kubwa kuliko zote ilitangaza kwamba inaacha, na ikawaelekeza wateja wake kwa Netflix. Wengi walishangaa. Lakini biashara hii haikufanana na kuuza mchele na sabuni. Nguvu ya Walmart ni kununua kwa wingi na kuuza kwa bei ya chini katika maduka yake. Hapa bei ya chini haikutosha. Ilihitajika depo nyingi zinazofanya kazi usiku kucha, kufungua bahasha, kukagua kila kipande kama kina mikwaruzo, na kukirudisha njiani kabla jua halijachwa. Faida ilikuwa senti chache kwa kila bahasha.

Hesabu ya mteja anayetazama sana

Hapa ndipo ulinganisho unapokuwa mchungu. Tuchukue abonema ya dola 17.99. Tembre ya barua katika miaka hiyo ilikuwa senti 37, na kila filamu husafiri mara mbili: kwenda na kurudi. Kwa bei hiyo ya kawaida ni senti 74 kwa filamu moja.

Mteja anayetazama filamu 2 kwa mwezi anaila kampuni dola 1.48 za posta, huku yeye mwenyewe akilipa karibu dola 9 kwa kila filamu, zaidi ya bei ya duka. Anayetazama 9 analipa dola 2 kwa filamu, na posta inakula dola 6.66. Anayetazama 18, ambaye ni yule anayeirudisha filamu asubuhi baada ya kuitazama jioni, analipa dola 1 tu kwa filamu, na posta peke yake inameza dola 13.32. Kinachobaki kwa kununua DVD, kulipa wafanyakazi na depo hakifiki dola 5.

Maana yake ni kwamba neno «bila kikomo» lililotangazwa lilikuwa na kikomo kisichotangazwa. Wateja waliotazama sana walianza kuona kwamba filamu zao zinachelewa kutoka depo, na kwamba filamu mpya hazifiki kwao kamwe. Katika mwaka wa 2004 Netflix ilishitakiwa huko California kwa niaba ya wateja. Katika Januari 2005 ilibadili masharti yake na kuandika waziwazi kwamba, filamu isipotosha kwa wote, anayekodi chache anatangulizwa mbele ya anayekodi nyingi. Kesi iliisha kwa maelewano, bila kampuni kukiri kosa.

Blockbuster nayo ilikuwa na la kwake. Mwanzoni mwa 2005 ilitangaza katika maduka yake mwisho wa malipo ya kuchelewesha. Lakini mteja aliyepitisha siku saba baada ya tarehe yake alihesabiwa kuwa ameinunua filamu, na bei ikakatwa kwenye kadi yake. Akiirudisha baadaye, alirudishiwa feza hiyo, ila alitozwa kidogo ya kuipanga tena. Katika Machi mwaka huo kampuni ilifikia maelewano na viongozi wa sheria wa majimbo 47 pamoja na mji mkuu Washington, waliosema kwamba tangazo lilipotosha watu.

Kwa hiyo, kwa upande wa ukweli na mteja, hakuna kati ya hizo mbili iliyokuwa safi kabisa. Moja ilificha kikomo katika mwendo wa depo, nyingine iliificha faini katika jina lingine.

Siku Blockbuster ilipokaribia kushinda

Katika Novemba 2006 Blockbuster ilitoa silaha ambayo Netflix haikuweza kuijibu. Iliitwa Total Access. Mteja alipokea filamu kwa posta, na alipomaliza aliipeleka katika duka la Blockbuster la karibu, akachukua papo hapo filamu nyingine bure. Wakati huohuo filamu inayofuata katika orodha yake ilikuwa tayari imetumwa kwa posta.

Kwa mteja, hii ilikuwa huduma bora kuliko zote zilizowahi kutolewa. Aliyeishi karibu na duka hakungoja tena siku mbili. Ijumaa jioni, bahasha ikichelewa, alikwenda kwa miguu. Wateja walimiminika. Katika miezi ya Aprili hadi Juni 2007 Netflix ilipoteza wateja 55,000, jambo ambalo halijawahi kuipata tangu ilipoanza abonema.

Lakini kila filamu ya bure iliyotolewa dukani ilikuwa hasara kwa Blockbuster. Na kampuni hiyo ilikuwa imebeba deni la karibu dola bilioni 1, lililotokana na mwaka wa 2004 ilipojitenga na Viacom na kuwalipa wanahisa gawio kubwa. Ndani ya kamati ya uongozi kulikuwa na mvutano mkali kati ya Antioco na mwanahisa Carl Icahn. Katikati ya 2007 Antioco aliondoka. James Keyes, aliyetoka katika maduka ya 7-Eleven, akachukua nafasi yake, akapandisha bei na kubana zile filamu za bure za dukani. Macho yake yalirudi kwa maduka.

Wateja walirudi kwa Netflix. Katika Septemba 2010 Blockbuster iliomba ulinzi wa tribinali dhidi ya wanaoidai. Mwaka wa 2011 Dish Network iliinunua katika mnada, na huduma yake ya posta ilikoma Desemba 2013.

Kwa hiyo haikuwa huduma mbovu iliyoiua Blockbuster. Huduma yake ya 2007 ilikuwa nzuri mno kwa kampuni iliyokuwa tayari imekula akiba yake na kukopa juu yake. Mteja alipata mwaka mmoja wa neema uliolipwa na deni, kisha neema ikaisha.

Mshirika asiyetajwa: posta ya serikali

Katika ushindani huu wote, kuna mmoja aliyebeba mzigo bila jina lake kuandikwa kwenye matangazo. Bahasha za Netflix zilikwama katika mashine za kupanga barua, na wafanyakazi wa posta walilazimika kuzipanga kwa mkono. Ripoti ya mkaguzi wa posta ya mwaka wa 2007 ilikadiria kwamba kazi hiyo iligarimu dola milioni 41.9 katika miaka miwili. Netflix haikutozwa zaidi.

GameFly, kampuni ya kukodisha michezo ya video kwa posta, ililalamika katika mwaka wa 2009. Ilidai kwamba posta inaitendea Netflix kwa upole na kuzishika bahasha zake kwa mkono, huku vipande vya GameFly vikivunjwa na mashine, jambo lililoilazimisha kutumia bahasha kubwa na za bei zaidi. Kesi ilifika hadi korti ya rufaa, ambayo katika mwaka wa 2013 iliipa GameFly haki.

Jambo hili linaonyesha kwamba «ushindani huru» ulisimama juu ya huduma ya umma. Bila posta inayofika kijiji cha mwisho cha Montana kwa bei ileile ya New York, hakuna hata moja ya kampuni hizi ingefika mwaka wa pili.

Sheria iliyompa mteja orodha ndefu

Jambo la mwisho ndilo zito kuliko yote, na wateja wengi hawakulijua. Netflix haikuomba ruhusa ya Hollywood ili kukodisha DVD. Haikuihitaji.

Katika mwaka wa 1908 Korti Kuu ya Marekani ilihukumu kesi ya kitabu. Mchapishaji Bobbs-Merrill aliandika ndani ya kitabu kwamba kisiuzwe chini ya dola 1. Duka la Macy's likakiuza kwa senti 89. Korti ilisema kwamba mwenye haki ya kuchapa akishauza nakala, nakala ile si yake tena kuitawala. Aliyeinunua anaweza kuiuza, kuiazima au kuikodisha. Kanuni hiyo iko katika sheria ya Marekani hadi leo. Mwaka wa 1984 bunge liliondoa muziki katika ruhusa ya kukodisha, na mwaka wa 1990 likaondoa programu za kompyuta. Filamu zilibaki.

Kwa hiyo Netflix iliweza kuingia dukani kama mtu yeyote, kununua DVD, na kuikodisha. Hata studio ilipokasirika, haikuweza kuizuia. Redbox ilionyesha jambo hilo katika mwaka wa 2009: studio tatu kubwa zilipokataa kuiuzia kwa jumla, watu wake walikwenda kununua DVD katika maduka ya kawaida na kuzitia katika mashine. Ndiyo maana orodha ya Netflix ya posta ilipita filamu 100,000.

Intaneti haina kanuni hiyo. Filamu inayotazamwa mtandaoni haina nakala iliyouzwa, ina mkataba tu. Mwenye filamu anaweza kukataa, kudai bei ya juu, au kuiondoa mkataba ukiisha. Netflix ilipoanza kuonyesha filamu mtandaoni, katika Januari 2007, ilikuwa na takriban filamu 1,000. Wateja waliongezeka, lakini studio ziliona faida, zikaanzisha huduma zao na kurudisha filamu zao nyumbani. Leo anayetaka kufuata filamu anazozipenda analazimika kulipa abonema mbili, tatu au nne, na bado kuna filamu za zamani ambazo hazipo popote.

Katika 2010 Netflix yenyewe ilianza kukubali masharti ya studio hata kwa DVD. Ilikubaliana na Warner kungoja siku 28 kabla ya kukodisha filamu mpya, ili kwa upande mwingine ipate filamu zaidi za mtandaoni. Ilikuwa dalili ya wazi kwamba moyo wake umekwisha kuhama.

Mwaka uliofuata ilitenganisha huduma hizo mbili. Aliyelipa dola 9.99 kwa zote alitakiwa kulipa 15.98. Kisha ikatangaza kwamba DVD zitahamia kampuni nyingine itakayoitwa Qwikster. Wateja walikasirika, 800,000 wakaondoka katika miezi mitatu, na Qwikster ikafutwa kabla ya kuzaliwa. Lakini bei mpya ilibaki.

Kwa nini ilifungwa, na nani amebaki

Katika mwaka wa 2022 DVD ziliingizia Netflix dola milioni 145.7. Kwa kampuni yenye mapato ya zaidi ya dola bilioni 31 kwa mwaka, haikufika hata nusu ya asilimia moja. Tarehe 18 Aprili 2023 ilitangaza mwisho. Kwa jumla ilikuwa imetuma DVD zaidi ya bilioni 5.2, kwa wateja zaidi ya milioni 40.

Waliobaki mwisho si wote walikuwa wazee wanaoogopa kompyuta. Kulikuwa na wakaaji wa vijiji ambako intaneti ni ya polepole au ya bei kali. Kulikuwa na walimu wa sinema na wapenzi wa filamu za zamani. Kwao, hakuna kampuni kubwa iliyosimama mahali pa Netflix. Tangu 2024 hata duka la Best Buy limeacha kuuza DVD.

Wadogo wapo. Scarecrow Video ya Seattle, iliyogeuzwa kuwa shirika lisilotafuta faida katika mwaka wa 2014, ina filamu zaidi ya 140,000 na inazituma kwa posta. GameFly bado inakodisha michezo na filamu. Huko Uingereza, Cinema Paradiso inaendelea na abonema ya bahasha. Hawa wanadumu kwa sababu hawajaribu kumpendeza kila mtu.

Kongo iko wapi katika habari hii?

DVD za posta za Netflix hazikutoka kamwe nje ya Marekani. Netflix ilifika Kongo tarehe 6 Januari 2016, siku ilipojifungua kwa inchi 130 kwa mara moja, na ilifika kwa intaneti tu. Katika Goma, Bukavu, Uvira au Bunia, ambako wakaaji wengi hawana sanduku la posta, bahasha nyekundu ingepotea njiani. Filamu zilipita mkononi: kwanza DVD za sokoni, kisha fulashi na kadi ya simu. Mwenye abonema anajua kwamba abonema si mwisho wa garama, kuna mega za kununua juu yake.

Lakini swali ni lilelile kwa mkaaji wa Seattle na wa Bukavu: ukilipa, unapata nini mkononi? Mmarekani wa 2007 alichagua kati ya kampuni mbili zilizomgombania, katika orodha ambayo studio haikuweza kuifunga. Wa leo ana filamu kwa sekunde moja, lakini ni zile tu ambazo mkataba umeziacha mwezi huo. Na kati ya wateja wote wa biashara hii, wenye hakika ya kuiona filamu yao tena mwakani ni wale walioachiwa bahasha za mwisho za Septemba 2023, kwa sababu hakuna aliyerudi kuzidai.